Wazungu nao wamechoka na michango: michezo ya vyuo Marekani inaelekea wapi?

Boksi Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Jumanne nimetoka shifti ya jioni, hata viatu sijavua, simu inaita. Namba ya chuo nilichosoma. Binti wa mwaka wa pili, mpole, anasoma maneno aliyoandikiwa: wanashukuru kwa mchango wangu wa dola 20 kila mwezi, je naweza kupanda hadi 50 kwa sababu ya "hali mpya ya michezo"? Nikamuuliza, dada yangu, ile timu ya mbio bado ipo? Kimya. Nikasikia karatasi zinapekuliwa. Akasema ngoja amuulize msimamizi wake.

Nimeweka simu chini nikasema hili nalileta jamvini.

Wengi wetu tunaijua Marekani kwa NBA. Huku mikoani lakini, kwenye miji isiyo na timu ya kulipwa, dini ya Jumamosi ni chuo. Mpira wa yai (futiboli ya Kimarekani) unachezwa na wanafunzi mbele ya watu laki moja. Uwanja wa Michigan unachukua 107,601, jumlisha Mkapa na ujazie watu wengine kama elfu arobaini na kitu. Na kwa zaidi ya miaka mia hao wachezaji hawakulipwa mshahara. Walisomeshwa, walilishwa, walilala bure, basi. Fedha za milangoni na za televisheni zilienda kwa makocha, kwenye majengo, na chenji ndiyo iliyobeba michezo isiyoingiza kitu: kuogelea, tenisi, mieleka, mbio. Yaani mimi. Nilikuja hapa kwa miguu yangu, mita 10,000, nikitokea Mbulu. Kijana wa mpira wa yai ambaye hata jina langu hakulijua ndiye aliyenilipia ada.

Mambo yakabadilika mwaka 2021. Juni, Mahakama Kuu ya nchi, majaji wote 9 kwa kauli moja, wakaikatalia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuwabana wachezaji kwenye mafao ya kielimu. Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Kwenye makaratasi ni matangazo. Kwa vitendo, matajiri wa kila chuo wakaunda vikundi vya kuchangisha na kuwalipa vijana wasihame. Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House (jina la mchezaji aliyeshitaki): dola bilioni 2.8 kuwafidia waliocheza tangu 2016, na kuanzia Julai 1, 2025 kila chuo kinachotaka kinaweza kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka. Kiwango hicho kinapanda kila mwaka.

Milioni 20.5 zinatoka wapi? Televisheni haijaongeza kwa ajili ya hilo. Zinatoka kwa yule binti na simu yake.

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa posta. Ana viti viwili, safu ya 22, tangu 1988. Mwaka huu alikuja na bahasha yake jikoni kwangu, akaikunjua mezani, akatoa penseli ya fundi seremala sikioni, akaanza kuzungushia. Mstari wa kwanza: bei ya tiketi za msimu. Wa pili: mchango wa kiti, ambao usipoulipa huruhusiwi kununua hiyo tiketi. Wa tatu: maegesho. Wa nne ulikuwa mpya, ada ya wachezaji. Na ndani ya bahasha kuna kipeperushi kingine, cha kile kikundi cha matajiri, kinaomba na chenyewe. Akaniambia, "Tanzania" (ndivyo anavyoniita), "mimi nalipa ili niruhusiwe kulipa." Viti ameviachia. Miaka 37.

Hakuwa na kinyongo na vijana kulipwa, na hilo naomba lieleweke. Alisema walistahili tangu zamani. Kilichomchosha ni kuombwa mara nne kwa kitu kilekile, na mechi yenyewe saa yake hujui mpaka siku 12 kabla, wakati mwingine 6, kwa sababu televisheni ndiyo inayopanga.

Karibuni. Walioko huku leteni ya kwenu, walioko nyumbani ulizeni.

---

Kijiti cha Saba

Mzungu naye analia mchango? Dunia imeisha. Mimi mwezi huu nina kadi nne za harusi na send-off moja, na kuna kamati imeniweka kwenye kundi la WhatsApp bila kuniuliza. Mwambie huyo mzee aje Dar tumfundishe kujizima data.

---

mama_Pongwe

Kijiti umechekesha ila umegusa penyewe. Mchango wa harusi unachoma ukiombwa mara ya pili baada ya kutoa. Umeshatoa laki, kamati inarudi: bajeti ya ukumbi imepanda, jazieni. Hapo hata aliyekuwa na moyo anarudisha mkono mfukoni.

Nipo Texas mwaka wa 14. Huku wafadhili hawajaisha, wamepungua kwa chini na kunenepa kwa juu. Cody Campbell, tajiri wa mafuta, aliamua kuijaza fedha Texas Tech, na timu ikapanda kweli. Zamani kule Oklahoma State, T. Boone Pickens alitoa dola milioni 165 kwa mkupuo. Hao wapo. Anayekimbia ni yule wa dola 500 kwa mwaka, fundi magari, mwalimu, ambaye alikuwa anatoa ili akae na wenzie Jumamosi na kuchoma nyama nyuma ya gari. Wamemfanya ajione hana maana. Unatoa 500 yako, unasoma gazetini mchezaji mmoja anachukua milioni na Desemba anahama. Utamwombaje tena?

---

Lushoto Baridi

Mleta uzi hujataja kodi, na mimi naona ndiyo ilianza kuubomoa ukuta. Mpaka 2017, ule mchango wa kiti ulikuwa unaweza kutoa asilimia 80 yake kwenye hesabu za kodi kama sadaka. Sheria mpya ya kodi ikaifuta nafuu hiyo kuanzia 2018. Mtu aliyekuwa anatoa dola elfu tano akijua serikali inamrudishia kiasi, sasa anaumia yote. Na huo mwaka 2018 wastani wa watazamaji wa daraja la juu la mpira wa yai ulishuka hadi 41,856, wa chini kuliko yote tangu katikati ya miaka ya tisini. Wachezaji walikuwa bado hawajalipwa hata senti. Kwa hiyo tusiwabebeshe vijana zigo lote.

---

Boksi Mkongwe

Lushoto, la kodi umenikumbusha, asante. Na kwa haki niongeze kwamba viwanja vya wakubwa vimejaa tena baada ya korona. Ukiangalia Ohio State au Tennessee kwenye runinga hutaona kiti kitupu. Ila kujaa si kupata. Ohio State, idara tajiri kuliko karibu zote, ilifunga mwaka wa fedha wa 2024 na nakisi ya dola milioni 37.7. Tennessee nao Septemba 2024 walitangaza kuongeza asilimia 10 juu ya tiketi za msimu, na hawakuficha, walisema ni kwa ajili ya kulipa vipaji. Uwanja umejaa na bado mkono umenyooshwa. Chuo cha daraja la kati kitafanyaje?

---

Mtani wa Jangwani

Samahani mkuu, mbona naona ni upuuzi wa uongozi tu? Kocha akifukuzwa analipwa shilingi ngapi?

---

Boksi Mkongwe

Hapo umepiga kwenye mshono. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher. Fidia ya kuvunja mkataba: zaidi ya dola milioni 75. Ili ASIFUNDISHE. Oktoba 2025 LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, wakamtimua Brian Kelly, mkataba wake ukidai zaidi ya milioni 50. Fedha za namna hiyo mara nyingi zinatolewa na haohao wafadhili wanaoambiwa chuo hakina kitu. Mzee wangu wa posta alicheka mpaka akakohoa: "Kumbe njia rahisi ya kutajirika ni kufungwa mechi nyingi."

---

Mtani wa Jangwani

Duh. Na sisi huku tunalalamika kocha kupewa miezi mitatu yake.

---

Kipkoros wa Iten

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nilikimbia huku miaka minne, nimemaliza juzi. Wacha niwaeleze upande wa wanariadha, maana naona mnaongea sana juu ya wale wa mpira.

Zamani timu ya wanaume ya riadha, mbio za nyika na za uwanjani kwa pamoja, iliruhusiwa skolashipu 12.6. Nukta sita! Timu ina watu arobaini. Kocha anakata vipande kama mtu anagawa nyama ya mbuzi mmoja kwa ukoo mzima: huyu asilimia 60, huyu vitabu tu, huyu Mkenya apewe yote kwa sababu ndiye ataleta pointi. Mpira wa yai walikuwa na 85 nzima.

Baada ya makubaliano ya House hesabu ya skolashipu imefutwa, kukawekwa kikomo cha idadi: riadha ya uwanjani 45, nyika 17, mpira wa yai 105. Kwa maneno unaweza kuwapa wote 45 ada kamili. Lakini fedha ziko wapi? Milioni 20.5 zinakwenda sehemu kubwa kwa mpira wa yai na kikapu cha wanaume. Kocha wetu alituita ukumbini, akaandika majina ubaoni, akachora mstari. Waliokuwa chini ya mstari walikuwa Wamarekani, watoto wa pale mjini ambao walikuwa wanajilipia ada wenyewe ili tu wavae hiyo jezi. Mmoja baba yake alikuwa akichangia timu kila mwaka. Unafikiri huyo baba ametoa tena?

Na sisi wa visa ya mwanafunzi hatuguswi na huo mgao kirahisi. Visa hairuhusu kufanya kazi nje ya masharti, mawakili wa vyuo wanaogopa, unaambiwa subiri. Mwenzako wa chumba anapewa gari, wewe unapewa ushauri.

---

Katangais

Jambo sana wandugu. Juu ya visa: Oscar Tshiebwe, mtoto wetu wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa kikapu cha vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Amerika nzima inataka sura yake kwenye matangazo, na visa inamfunga. Wakafanya nini? Agosti 2022 timu ilienda Bahamas kucheza michezo ya kirafiki, yeye akafanyia matangazo yake kulekule, nje ya inchi ya Amerika. Anatoka uwanjani, anaenda mbele ya kamera. Akili ya mtu wa Lubum hiyo!

---

Kijiti cha Saba

Nimeipenda hiyo. Sasa Thabeet wetu je? Aliporwa?

---

Boksi Mkongwe

Hasheem alikaa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) miaka mitatu, akaifikisha timu kwenye nne bora za vyuo 2009, akachaguliwa wa pili kwenye NBA, James Harden akiwa wa tatu na Steph Curry wa saba. Kwa hiyo malipo aliyapata baadaye. Ila ile miaka mitatu watu walilipa tiketi kwenda kuona Mtanzania wa futi saba akipangua mipira, yeye akala posho ya mwanafunzi. Ndiyo maana simlaumu kijana wa leo hata kidogo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakufika NBA. Goti likavunjika mwaka wa tatu, wakarudi kwao na fulana.

---

Lushoto Baridi

Kipkoros, hiyo ya visa na Wakenya ina upande wa pili. Nimesoma mara nyingi wazazi wa Kimarekani wakilalamika: chuo cha umma, kodi yetu, kwa nini nafasi zichukuliwe na wakimbiaji wa miaka 24 kutoka Afrika? Kikomo kikishawekwa, kila Mkenya mmoja ni Mmarekani mmoja nje. Hilo nalo linapunguza wachangiaji, tuseme ukweli.

---

Kipkoros wa Iten

Ukweli lisemwe, nimelisikia kwa masikio yangu, kwa mama mmoja kwenye maegesho baada ya mashindano. Sina jibu zuri. Mimi nilikuwa na 22, na ile nafasi ilinitoa kwenye shamba la mahindi. Lakini hata yule mama alikuwa na haki ya kumlilia mwanawe.

Ila historia pia isisahaulike. UTEP, chuo cha El Paso mpakani na Mexico, kilichukua ubingwa wa nyika mara saba kati ya 1969 na 1981, na kwa sehemu kubwa ni miguu ya Afrika Mashariki. Hapo Watanzania mko: Suleiman Nyambui bingwa wa nyika wa vyuo 1980, mwaka uleule aliopata fedha ya mita 5,000 Moscow. Gidamis Shahanga naye alipita palepale. Na Washington State ndiko alikokuwa Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Alikuwa mwanafunzi!

---

Boksi Mkongwe

Na hiyo Washington State, kaka, ndiyo mfano wenyewe. Ligi yao, Pac-12, ilisambaratika: timu 10 kati ya 12 ziliondoka 2024 kufuata fedha za televisheni, wakabaki wao na Oregon State. Mapato yakaporomoka. Juni 2025 wakatangaza kufuta kurusha na kuruka, mbio fupi wakazipunguza, wakabakiza mbio ndefu kama kitovu cha riadha. Kwa sisi wa mbio ndefu ni afueni. Lakini fikiria wewe ni mrusha tufe wa mwaka wa pili pale Pullman, mji wa chuo hicho, umeamka asubuhi mchezo wako haupo.

Cal Poly walifuta kuogelea Machi 2025. Saint Francis ya Pennsylvania walifuzu mashindano makubwa ya kikapu mwezi huohuo wa Machi 2025, na siku chache baadaye wakatangaza wanashuka hadi daraja la tatu, ambako hakuna skolashipu za michezo. Siku chache baada ya mechi kubwa kuliko zote walizocheza kwa miongo! Kumbuka pia zile bilioni 2.8 za fidia, sehemu yake inakatwa kwenye mgao ambao NCAA huvipa vyuo vyote vya daraja la kwanza. Chuo kidogo ambacho hakijawahi kuonekana runingani kinachangia deni la wakubwa.

---

mama_Pongwe

Nimshike mkono mleta uzi lakini nimpinge kidogo. Unasema watu wamechoka kuombwa. Mimi naona wengine wamechoka kwa sababu timu haina sura tena. Binti yangu anasoma chuo cha jimbo hapa. Zamani mtoto aliingia mwaka wa kwanza, ukamwona anakua, mwaka wa nne mji mzima unamlilia akiaga. Sasa dirisha la uhamisho likifunguliwa, nusu ya kikosi imeondoka. Mume wangu alinunua jezi ya kijana mmoja Septemba, Januari kijana yuko kwa wapinzani. Jezi sasa anafulia gari.

Mtu atachangia ndugu. Mpita njia atampa maji tu.

---

Mtani wa Jangwani

Hilo la mwisho ni Simba na Yanga kabisa. Sajili tisa kila dirisha, ukitaja kikosi cha mwaka juzi unahisi unasoma orodha ya marehemu. Lakini mbona sisi hatuachi kwenda uwanjani?

---

Boksi Mkongwe

Kwa sababu kule tiketi ni ya mzunguko, buku tano, unaamua asubuhi. Hujafungwa na mchango wa kiti. Wakipandisha siku moja utaona. Mama Pongwe, nakubali nusu. Mzee wangu wa posta majina ya kikosi cha 1991 anayo yote, namba na mji aliotoka kila mmoja. Cha mwaka huu alinitajia wawili.

Jumamosi iliyopita nilimkuta barazani kwake, redio ndogo, mto wake wa kukalia uwanjani ameuweka kwenye kiti cha plastiki. Rangi ya chuo imepauka imekuwa kama ya maji ya chai. Anasikiliza mechi. Nikamuuliza, si uliacha? Akasema, "Niliacha kulipa."

---

Binamu wa Babati

Wakuu nimesoma uzi wote kimya. Nina mdogo wangu, yuko kidato cha sita, ana 29:50 ya mita 10,000, amekimbilia Arusha. Kuna jamaa anamwambia alipe milioni mbili atamtafutia chuo Marekani. Kwa hali hii mnayoisema, aende au aache?

---

Kipkoros wa Iten

Asilipe. Hakuna kocha wa kweli anayeomba pesa kwa mkimbiaji. Anwani za barua pepe za makocha ziko kwenye tovuti za vyuo, aandike mwenyewe. Na hiyo 29:50 ni ya uwanjani au barabarani? Watauliza hilo kwanza.

---

Boksi Mkongwe

Na mwinuko wa Arusha autaje, 29:50 ya pale si ya bondeni. Aombe vyuo vya daraja la pili pia, asing'ang'anie majina makubwa. Aulize swali moja la ziada ambalo mimi sikulazimika kuuliza: kama timu ikifutwa nikiwa mwaka wa pili, ada yangu inaendelea? Ajibiwe kwa maandishi.

Njoo PM nikupe mfano wa barua. Halafu yule binti wa simu amenipigia tena leo, nimepokea. Timu ipo, anasema, ila uwanja wa nyika umeuzwa.

---

Kijiti cha Saba

Ukampa 50?

---

Boksi Mkongwe

Nimebaki na 20. Nimemwambia ziandikwe za viatu.